Dereva wa basi akikataa gari bovu, nani anamlinda?

#1 Nsalaga Juu

Wakuu salaam.

Kila basi likipata ajali kati ya Ruaha Mbuyuni na Tunduma, sentensi ya kwanza tunayosikia ni "chanzo ni uzembe wa dereva". Sipingi kwamba wazembe wapo. Hoja yangu ni kwamba madereva wengi wa njia yetu hawana mkataba wa maandishi, na mtu asiye na mkataba hawezi kulikataa gari. Anaambiwa saa 10 alfajiri, "Washa, abiria wameshapanda." Anajua breki haiko sawa. Pembeni wamekaa deiwaka, madereva wa kulipwa kwa safari, wanaomsubiri aseme hapana. Atafanyaje huyo?

Lawama zikija zinamkuta peke yake. Leseni inayofungiwa ni yake, mahabusu anaingia yeye, na akifa wanaobaki bila kitu ni watoto wake.

Madereva, makonda, mafundi, hata matajiri wenye magari kama mmo humu: umewahi kulikataa gari? Ilikuwaje?

#2 Mwaisa wa Kiwira

Siti ya mbele. Hii mada imechelewa sana.

#3 Suka wa Zamani

Mimi nililikataa, tena hapo hapo Mbeya.

Gari lilikuwa linapoteza upepo wa breki. Unajaza, mshale unapanda vizuri, ukizima injini na kutulia kidogo unauona unashuka wenyewe, na upande wa matairi ya nyuma unasikia upepo unavuja. Nikamwambia msimamizi, hili silishushi mteremko wa Kitonga. Hakunigombeza hata kidogo. Alinyoosha mkono nikampa funguo, akampa kijana mwingine, gari likaondoka na abiria wote.

Lilifika salama. Jioni nikawa mimi ndiye mwoga wa kampuni.

Sikufukuzwa. Niliacha tu kupangiwa safari. Leo subiri, kesho subiri, keshokutwa gari liko gereji, mwisho unaelewa mwenyewe. Huna barua ya kuajiriwa wala ya kuachishwa. Ukienda kushtaki utasema umeonewa nini?

#4 Lwangwa Original

Pole mzee wangu, shikamoo. Ila tusiwatakase madereva wote. Mimi abiria wa kila mwezi. Mkishaivuka Igawa kuja Chimala, pale tambarare, naona mabasi mawili yanafanya ligi, moja limetoka kulia limekaa huko huko, na lori linakuja mbele linawasha taa. Mkataba gani ulimtuma kuovateki pale? Gari lilikuwa zima kabisa, jipya.

#5 Konda Bila Jina

#4 kaka, ligi ina sababu yake na sababu haiko kichwani mwa dereva peke yake. Aliyetangulia ndiye anayeokota vichwa vya Igurusi, Chimala, Igawa mpaka Makambako. Wa nyuma anakuta vituo vimeshafagiwa. Hesabu ya ofisi iko pale pale, umepata watu hujapata. Cha njiani ndicho kinachotulisha sisi, maana wengine hatuna mshahara, tuna posho ya safari. Safari ikifutwa na posho imefutwa.

Lipa watu mshahara wa mwezi uone kama kuna mtu atakimbizana na mwenzake kwa ajili ya abiria wa Chimala mwenye gunia la mchele.

#6 Lwangwa Original

Bado ni uamuzi wake. Mimi nikiwa na njaa sichomi nyumba ya watu.

#7 Fundi Breki Mafiati

Naongezea upande wa gereji, kwa sababu mkataba peke yake hautoshi kueleza ninayoyaona.

Magari mengi dereva anapewa mafuta ya kupima. Lita hizi kwenda, lita hizi kurudi. Yakibaki ni yake. Sasa akifika kichwani mwa mteremko anatoa gia, gari linashuka na free. Injini inazunguka polepole, mafuta yanaenda kidogo, ameshapata chochote. Lakini gari likiwa free eksozi breki haina kazi, kwa sababu injini haijashikana na matairi. Uzito wote unabebwa na lainingi na ngoma za breki. Ngoma ikipata moto inatanuka, inajitenga na lainingi. Lainingi nayo inang'aa kama kioo, haishiki tena. Dereva anaanza kupampu, na kila akikanyaga upepo unatoka kwa kasi kuliko kompresa inavyojaza, maana injini yenyewe iko chini. Buza ya upepo kupungua inalia. Hapo umebaki na Mungu na kile kichuguu cha pembeni.

Waliobahatika wananiletea gari kesho yake. Nafungua tairi, ngoma ina madoa ya bluu na nyufa ndogo ndogo za moto mduara mzima. Ngoma ya namna hiyo ni ya kutupa. Nampigia tajiri, ananiambia, "Chonga tu, irudi barabarani jioni." Ukiichonga inazidi kuwa nyembamba, inazidi kupata moto haraka.

Kwa hiyo hapo mwenye kosa ni nani? Dereva aliyetoa gia, aliyempimia mafuta, au mimi niliyechonga? Nimeshakataa kuchonga, wakaenda gereji ya jirani.

#8 Binti Mnyalukolo

Kamwene. #7 asante, umenifanya nielewe kitu nilichokuwa nakisikia nyumbani tangu utoto. Baba alikuwa anasema Kitonga inashukwa kwa gia uliyoichagua juu, ukishaanza kuteremka umechelewa kuchagua.

#9 Suka wa Zamani

#8 baba yako alikuwa dereva. Gia ile ile ambayo ungepandia ndiyo ya kushukia. Breki unagusa na kuachia, hukai juu yake.

#10 Tajiri Mdogo Makambako

Naomba nisikilizwe bila matusi. Nina Coaster, si kampuni kubwa. Mmesema mafuta ya kupima. Nisipopima yanauzwa njiani kwa madumu, nimeshakuta kwa macho yangu. Mmesema mkataba. Niliandika mkataba na dereva, akaitwa na kampuni yenye basi jipya, akaondoka bila kuaga, gari likalala wakati benki inasubiri rejesho. Bima, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), ushuru wa stendi, faini za barabarani ambazo dereva amezitafuta mwenyewe, vyote vinanijia mimi.

Gari bovu kwangu linalala. Lakini nikisema linalala, naumia mimi na mke wangu, hakuna mwingine. Abiria wenyewe ukiwaambia gari limeharibika tusubiri fundi, wanataka kukupiga.

#11 Mama Wawili Mafinga

Hilo la abiria ni kweli tupu. Dereva alisimamisha gari Nyororo, ukungu mzito hata boneti huioni. Watu walipiga kelele, "Twende, tuna misiba, tuna mikutano." Akaondoka. Mimi nilinyamaza na mtoto mgongoni, na mpaka leo naumia.

#12 Wakili wa Mwanjelwa

Nimesoma kuanzia juu. Yapo mambo ya kisheria yanayosemwa nusunusu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haiwaachi madereva nje. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Pamoja na ovataimu, usizidishe saa 12 kwa siku. Ukifanya kazi saa 5 mfululizo una haki ya mapumziko ya dakika 60. Kati ya siku na siku upumzike saa 12 mfululizo. Kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni kazi ya usiku, ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa.

#3 mzee wangu, kuhusu kutokuwa na barua. Wajibu wa kutoa maelezo ya ajira kwa maandishi ni wa mwajiri. Akishindwa kuyaleta mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye. Zaidi ya hapo, Sheria ya Taasisi za Kazi inasema ukimfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 ya mwisho, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Dereva wa Mbeya–Dar anazimaliza saa hizo ndani ya wiki moja. Tatizo ni muda: shauri la kuachishwa kazi linapelekwa ndani ya siku 30. Wengi wanakuja ofisini kwangu mwaka umepita.

#13 Konda Bila Jina

Saa 12 za kupumzika? Tunaingia stendi ya Mbezi, Dar, usiku, tunashusha mizigo, tunaosha gari, alfajiri tunageuza. Labda hizo saa 12 ni za gari.

#14 Hesabu za Darasani

Fanyeni hesabu hii. Mbeya–Dar ni kama kilomita 830. Basi haliruhusiwi kuzidi 80 kwa saa. 830 gawanya kwa 80 unapata zaidi ya saa 10, hapo hujapita makazi ya mwendo wa 50, hujashuka Kitonga nyuma ya malori, hujaingia mizani ya Makambako wala Wenda, hujala. Kwa hiyo dereva mmoja hawezi kuimaliza safari hii kihalali. Kanuni zinataka madereva wawili safari ikizidi saa 8.

#15 Lwangwa Original

Na wawili wapo. Kila basi la Dar nawaona wawili. Sasa uchovu unatoka wapi?

#16 Suka wa Zamani

Kijana, umeona wawili ukadhani mmoja amelala. Nitakuambia analala wapi. Kwenye kiti cha konda, magoti yamegusa dashibodi, muziki juu ya kichwa, kila trafiki akisimamisha anaamka ashuke na makaratasi. Kampuni nyingine wanatandika godoro kwenye buti huko chini na mizigo, vumbi na joto la injini. Mabasi ya Kichina ya siku hizi baadhi yana kijichumba cha dereva, ila nimeona kimejazwa maboksi ya watu kwa sababu boksi linalipa.

Halafu akifika zamu yake Iringa au Mikumi anashika usukani akiwa hajalala, ameamka tu kwa muda mrefu akiwa amekaa. Makaratasi yanasema yuko freshi.

#17 Binti Mnyalukolo

Mzee amesema kuhusu usingizi, mimi niseme kuhusu mwili, maana ndicho kilichobaki nyumbani kwetu.

Baba aliendesha magari yenye injini mbele. Lile boneti la ndani lilikuwa linamchoma mguu wa kushoto, akawa anaweka gunia lililoloweshwa maji. Ngozi ya pale mpaka leo ni nyeusi kuliko ya mguu mwingine. Mgongo umekwisha. Bawasiri ilimpata akaficha miaka kwa aibu. Na alijizoesha kutokunywa maji asubuhi ili asiombe kusimama njiani, kwa sababu kusimama ni dakika, na dakika zinaulizwa ofisini. Alistaafu bila pensheni. Michango ya NSSF haikuwahi kupelekwa, na yeye hakujua wapi pa kuuliza.

Hakuna trafiki anayeandika haya kwenye ripoti ya ajali, kwa sababu hakuna ajali.

#18 Konda wa Kike

Dada #17 umenigusa. Kwa sisi wanawake tulio kwenye mabasi ni zaidi. Wanaume wanashuka vichakani, mimi nasubiri mpaka hotelini Ilula au Mikumi. Siku za mwezi ndiyo usiseme. Nililiomba jambo hili kwa msimamizi akacheka. Sijaomba tena.

#19 Mwaisa wa Kiwira

Poleni dada zetu. Na huko hotelini tuseme ukweli, dereva anakula bure sahani ya nyama, sisi abiria tunauziwa chipsi za jana kwa bei ya samaki mzima!

#20 Mnyalu wa Ilula

Mwaisa acha kuisingizia Ilula. Huko Mbeya kwenu wali wa Kyela mnautangaza halafu sahani inakuja na vijiko viwili.

#21 Mwaisa wa Kiwira

Njoo Tukuyu nikushibishe, utaomba uhamisho.

#22 Nsalaga Juu

Turudini kwenye mada jamani. Kuna aliyekumbuka ule mgomo wa madereva? Nadhani waliyadai haya haya ya mikataba.

#23 Mpemba Boda

Ulikuwa 2014. Ulihusu trafiki tu na faini.

#24 Suka wa Zamani

#23 hapana. Ni 2015. Aprili 10 mabasi yalisimama nchi nzima, na mwanzoni mwa Mei yakasimama tena. Kilichowasha moto ni lile agizo la dereva kurudi chuo kila anapohuisha leseni, kila miaka mitatu, tena kwa gharama yake. Mikataba ilikuwa dai la pili, na ndilo lililokuwa zito. Serikali ilikutana na viongozi wa madereva, mikataba ikaahidiwa. Baadhi ya kampuni waliandika kweli. Wengine waliandika mkataba wa kumwonyesha afisa kazi, dereva mwenyewe hana nakala.

#25 Tajiri Mdogo Makambako

Chuo si kibaya lakini. Aliyepita chuo cha usafirishaji cha NIT, kozi ya PSV ya magari ya abiria, anaonekana hata anavyokata kona.

#26 Suka wa Zamani

Chuo si kibaya, tajiri. Ubaya ni nani analipia na nani analisha familia ukiwa darasani.

#27 Mhandisi Uyole

Mnazungumza dereva na tajiri, mmeisahau barabara. Machi 11, 2015, mwezi mmoja kabla ya mgomo mnaousema, kontena la lori lililalia basi pale Changarawe, Mafinga, wakafa watu zaidi ya 40. Basi lilikuwa linatoka Mbeya. Kilichotajwa ni shimo barabarani ambalo lori lilikuwa linalikwepa. Mpe dereva mkataba wa dhahabu, akikutana na shimo na lori bila nafasi ya kukwepa, mkataba utamsaidia nini?

Barabara hii ndiyo ya Zambia na Kongo. Malori na mabasi wanagombania njia mbili nyembamba. Upanuzi wa njia nne kuanzia Nsalaga kwenda Ifisi nauunga mkono kwa mikono miwili, ila teremko za Inyala na Iwambi zinahitaji njia za dharura za kuchepukia gari lililokosa breki.

#28 Fundi Breki Mafiati

Mhandisi, njia ya dharura ni dawa ya mgonjwa aliyeshazidiwa. Sikatai, zijengwe. Lakini gari lililokosa breki lilianza kukosa breki gereji.

#29 Lwangwa Original

Na vile vifaa vya LATRA vya kufuatilia mwendo? Siku hizi basi likizidi mwendo kinalia ndani, abiria wote tunasikia. Mimi naona vimesaidia kuliko mikataba yote.

#30 Konda Bila Jina

Vimesaidia kwenye tambarare. Ila vinapima mwendo, havipimi usingizi. Dereva anayesinzia anaweza kuwa kwenye 60.

#31 Mama Wawili Mafinga

Na sasa wanasafiri usiku. Mimi naogopa.

#32 Mpemba Boda

Usiku wanasafiri tangu zamani mama.

#33 Hesabu za Darasani

Ruhusa ya sasa ilianza Oktoba 2023. Kabla ya hapo katazo lilikuwepo tangu miaka ya 1990. Labda unachanganya na malori, hayo usiku hayakuzuiwa.

Usiku una faida yake: jua halikuchomi, boda ni chache. Hasara ni ile saa 9 mpaka saa 11 alfajiri ambapo mwili wa binadamu unataka kulala hata kama mchana ulilala. Kwa basi lililotoka Dar jioni, saa hizo ndizo za Mafinga na Makambako, kwenye baridi na ukungu.

#34 Suka wa Zamani

Hapo umesema. Ukungu wa Nyororo na usingizi wa alfajiri vikikutana, hata mzoefu anaona mti katikati ya barabara ambao haupo.

#35 Deiwaka Sae

Wakubwa shikamooni. Nimekuwa nasoma kimya tangu mwanzo. Naendesha Mbeya–Dar kama dereva wa pili, mwezi wa tano sasa. Nalipwa kwa safari, kwa simu. Sina karatasi yoyote. Wiki iliyopita tairi la mbele lilikuwa limeanza kuonyesha nyuzi, nikasema, nikaambiwa litabadilishwa Dar. Lilibadilishwa kweli, ila baada ya kwenda nalo. Sitaki kugombana na mtu, nina mtoto mdogo. Nianzie wapi?

#36 Wakili wa Mwanjelwa

Kwanza usiache kazi kwa hasira. Kinga ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja, na wewe una 5. Wakati huo kusanya ushahidi. Meseji za malipo usifute. Piga picha orodha ya abiria yenye jina lako kama dereva. Na una kile kitufe cha utambuzi cha LATRA? Kila unapokiweka gari linakujua ni wewe, saa ngapi umeanza na saa ngapi umeacha.

#37 Konda Bila Jina

Wakili, kitufe hicho! Nimeona dereva mmoja anaendesha na kitufe cha mwenzake, ili saa zake zisionekane zimezidi. Ushahidi huo utamgeukia.

#38 Wakili wa Mwanjelwa

Ndiyo. Kwa hiyo #35 kitufe chako usimwazime mtu hata kwa dakika. Kumbukumbu zile zikiwa safi zinaonyesha saa za kazi kuliko shahidi yeyote.

#39 Tajiri Mdogo Makambako

Kumbukumbu ziko LATRA, si kwa dereva. Atazipataje? Na tajiri wake akijua anazitafuta, safari zinakwisha kama za Suka.

#40 Wakili wa Mwanjelwa

Kwenye shauri anaweza kuomba Tume iziite. Nje ya shauri, aandike barua.

#41 Suka wa Zamani

Barua itaandikwa na mtu ambaye kesho hana safari. Tajiri amesema kweli hapo, ingawa sikubaliani naye kwa mengi.

#42 Binti Mnyalukolo

Mdogo wangu #35, uliza pia kama uko kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango ule analipa mwajiri peke yake, hukatwi wewe, kwa hiyo hana sababu ya kukuambia mshahara wako mdogo. Ukiumia kazini ndio unaolipa matibabu na ulemavu, na ukifa wategemezi wako. Sisi baba hakuwahi hata kuusikia, wakati wake haukuwepo.

#43 Deiwaka Sae

Asanteni sana. Jumatano tukishusha nitakuwa na mapumziko, nitapitia ofisi ya kazi hapa mjini kuuliza tu, bila kutaja kampuni. Nibebe nini?

#44 Wakili wa Mwanjelwa

Leseni, kitambulisho cha NIDA, na hizo meseji na picha uzichapishe kabisa kwenye karatasi. Stationari za Kabwe wanachapisha kutoka kwenye simu.

#45 Fundi Breki Mafiati

Na lile tairi la zamani, kama walilibeba kurudi nalo, lipige picha upande wa nyuzi, namba ya gari ionekane.